Ukinibipu Mara Moja

Naishi Gongoni.
Cheka kwanza, umalize, ndipo nikueleze:
ni jina tu la mtaa, hata mashehe wanaishi hapa,
ila likinitoka mimi mdomoni
watu hunitazama macho, kisha viatu.

Tulipatana, mimi na Ndalahwa, fundi viatu wa Isevya,
na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na vocha
tukapatana hivi:
ukinibipu mara moja, una kiu.
Mara mbili, umeshakunywa, nije nikuchukue.
Mara tatu hatukuipa maana.
Tuliitazama, tukaipita.

Kuacha kabisa hatukuahidi.
Tuliahidi kupunguza, neno lenye mlango wa uani.
Nina daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma,
kila kikombe cha wanzuki mstari mmoja wa penseli.
Jumatatu miwili. Jumanne mmoja.
Jumatano niliomba kikombe kikubwa,
kile cha kuogeshea mtoto,
nikaandika mmoja.

Asali yetu ya miombo inaingia mjini ikiwa dawa ya kifua.
Ikilala siku chache kwenye pipa la Kalunde
inaamka na jina jingine.
Na Kalunde si shetani, ana watoto watatu shuleni.
Nilipomwambia napunguza, alimaliza kwanza kuhesabu chenji.
"Basi ukipita, pita upande ule wa barabara," akasema,
"maana nikikuona nitakuita, mimi najijua."
Tangu hapo nikipita ananigeuzia mgongo,
na mgongo ule, ndugu yangu,
sijapata kusalimiwa vizuri hivyo.

Jana usiku simu ililia. Mara moja.
Nilikuwa ukingoni mwa kitanda
na mistari minne tumboni ambayo daftari halikuijua.
Utamwendeaje mwenye kiu
nawe unanuka kisima?
Nikasugua meno kwa chumvi, nikatafuna limau na ganda lake.
Mwashi, bila kufumbua macho:
"Nenda hivyohivyo. Kwani yeye ananuka marashi?"

Nikaenda. Treni ilikuwa inapiga honi stesheni,
mbwa wa Isevya wakaijibu, kisha wakanigeukia mimi.

Nilimkuta kizingitini, peku.
Fundi viatu wa watu wote, peku.
Vyake alikuwa amevifunga kamba, amevitupia darini,
ili miguu ikitaka kwenda kilabuni ipate tabu kwanza.
Mikono inamtetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Umekunywa," akasema, kabla ya hodi.
"Vinne."
"Daftari linasemaje?"
"Daftari halina habari."
Akacheka, akacheka mpaka akakohoa,
jirani akagonga ukuta.

Tukala matobolwa aliyoletewa na mama yake kutoka Sikonge,
makavu kama soli,
tukayatafuna polepole, taya zikapata kazi.
Sikumpa mawaidha. Mawaidha tumeshapewa,
kanisani, baraza la ukoo, hata polisi,
tungeweza kuyauza kwa debe.
Chai ilipochemka kikombe kilimshinda,
kikawa kinamwagikia shati,
nikashika upande mmoja, naye upande mmoja,
kama watu wanaohamisha kabati,
tukakifikisha.

Karibu na alfajiri nikatoa daftari kwenye koti.
Mmoja. Wa pili. Wa tatu, ncha ikavunjika.
Ndalahwa hakusema kitu. Alinyoosha mkono nyuma yake,
akanipa kisu chake cha kukatia ngozi.
Nikachonga. Nikaandika wa nne.

Leo saa kumi jioni nitapita kwa Kalunde,
upande ule wa barabara.
Nasema nitapita. Jana pia nilisema.
Simu iko mfukoni, chaji imebaki nusu,
na yeye bado hajapanda darini.